Slaidi ya Fahali Mwekundu

Mbuke aliingia studio ameshika viatu vyake mkononi, kwa kuwa njia ya kutoka mtaa wa Soweto ilikuwa tope tupu na hakutaka kuchafua sakafu ya watu. Nyuma yake aliingia Eliezeri, bwana mifugo wa Igawa, amebana bahasha ya kaki kwapani. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, masika ya mwaka sabini na sita, na ukungu ulikuwa umeimeza Mbeya yote hata mlima Loleza usionekane.

Severina, mwenye studio, alikuwa akikata picha za vitambulisho. Aliweka mkasi chini.

"Karibuni. Picha ya familia?"

"Ya ng'ombe," Mbuke alijibu, wala hakucheka.

Eliezeri alifungua bahasha akatoa slaidi moja: kipande cha filamu ya rangi ndani ya fremu ya karatasi ngumu, kidogo kiasi cha kufichika kiganjani. Severina aliiinua dirishani. Mle ndani aliona josho la Igawa, maji ya dawa, na mwanamume mrefu anayecheka, ameshika kamba. Mwisho wa kamba alisimama fahali mwekundu, kiubavu, sikio moja limechanika. Pajani palikuwa na kitu kama kovu.

"Anayecheka ni mume wangu, Maganga," Mbuke alisema. "Sasa yuko rumande. Wanasema hiyo dume ameiiba."

Hadithi waliisimulia kwa kupokezana. Eliezeri alikuwa akizunguka vijiji vya Usangu kufundisha wafugaji habari za kupe na ugonjwa wa ndigana. Alikuwa na projekta iliyoendeshwa kwa jenereta, na pasipokuwa na giza alilitengeneza mwenyewe: aliwaingiza watu kwenye ghala la mpunga, akafunga milango, akatundika shuka ukutani. Siku alipofika kijijini kwao, Mbuke alikwenda kwa kuburutwa na majirani tu, maana mtu ambaye mumewe yuko ndani hana hamu ya mambo ya kupe. Ghafla, pale shukani, akamwona Maganga amesimama mkubwa kuliko mlango, anacheka, na dume lao pembeni.

"Nikapiga yowe," alisema. "Watu wakadhani nimeumwa na nyoka."

"Mshtaki anasema fahali alizaliwa zizini kwake, akaibwa kiangazi kilichopita, kisha Maganga akamchoma chapa ya kwake," Eliezeri alieleza. "Lakini slaidi hii niliipiga mimi mwenyewe siku josho lilipofunguliwa, zamani kabla ya huo wizi. Kama chapa ya Maganga ilikuwapo siku ile, basi kesi haina miguu. Nimekwenda kwa hakimu na projekta yangu. Amekataa. Amesema hawezi kuweka ukuta ndani ya jalada. Anataka picha ya karatasi, kubwa, safi, ambayo mtu ataiona chapa bila kuambiwa hii ni chapa. Hukumu ni Alhamisi."

"Nitaitoa," Severina alisema. Alikuwa mtu wa kupenda kazi ngumu, na mikono ilikwisha kumwasha. "Nani anayemshtaki?"

"Kalinga," Mbuke alisema. "Kalinga wa Igawa, mwenye lori la mpunga."

Severina aliiweka slaidi mezani polepole. Kalinga alikuwa kaka yake, baba mmoja na mama mmoja.

Hapo ndipo alipopaswa kusema, na hakusema. Alijiambia atasema akishamaliza kuandika jina la mteja, kisha akajiambia atasema watakapokuja kuchukua picha. Walipotoka, alibaki amekaa na ile slaidi mbele yake kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga asiye wake.

Wazazi wao walifariki Severina akiwa hajaota meno ya ukubwani. Ndugu waligawana sufuria na majembe, lakini mtoto hakugombewa na mtu. Kalinga, aliyekuwa bado kijana asiye na mke, alimbeba mgongoni hadi misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, akawaomba masista wampokee shule, na kila mavuno aliwapelekea gunia la mahindi kichwani. Huko misheni ndiko Severina alikojifunza picha, kwa kufagia chumba cha Bruda Anselmo, mpiga picha wa misheni. Na alipotaka kufungua studio yake mwenyewe, Kalinga ndiye aliyekuja na lori, na juu ya magunia ya mpunga akiwa amefunga mashine ya kukuzia picha, ya mtumba, kwa kamba na blanketi, kana kwamba anasafirisha mgonjwa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Severina alilijua hilo kuliko wanaolisema.

Mchana ule aliingia chumba cha giza akajaribu kwa njia aliyoizoea. Aliweka slaidi kwenye mashine, akaimulika juu ya karatasi ya picha, akapata picha iliyogeuka: nyeupe imekuwa nyeusi, nyeusi imekuwa nyeupe. Hiyo akailaza juu ya karatasi nyingine, akaigeuza tena. Chini ya taa nyekundu, kwenye trei ya dawa, josho lilijitokeza, kisha meno ya Maganga, kisha fahali.

Fahali alikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Ngozi yote ilikuwa giza moja, paja halina kovu, sikio limemezwa na kivuli. Alijaribu tena kwa kuongeza mwanga. Safari hii Maganga alififia hadi akafanana na mtu yeyote, na paja la fahali likawa na ukungu ambao mwenye kutaka chapa angeona chapa, na asiyetaka angeona uchafu wa maji.

Severina aliitundika ikauke. Alisimama akiitazama muda mrefu. Ilikuwa picha. Haikuwa uongo. Mtu akiuliza, angesema slaidi ni ndogo na karatasi siku hizi ni za shida, na hakuna mtu Mbeya yote ambaye angemkosoa. Wazo hilo lilimwingia kwa upole sana, na upole wake ndio uliomwogofya.

Kesho yake alfajiri alipanda basi la Iringa, slaidi ameifunga kwenye leso na kuitia kifuani, ile picha hafifu ipo kwenye kikapu.

Bruda Anselmo alikuwa amezeeka na masikio yamemwisha, kwa hiyo alizungumza kwa kupaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya korongo. Aliitazama picha, akaitazama slaidi, akapiga meza.

"Karatasi yako haioni rangi nyekundu, Severina! Kwake nyekundu ni usiku! Ndiyo maana taa yako nyekundu haiichomi. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa hana kitu kingine cha kutumia. Bruda alifungua kabati, akapekua, akatoka na boksi la vipande vya filamu lililopauka kwa uzee, na kioo chekundu kilichoviringishwa kwenye soksi.

"Filamu hii inaona rangi zote. Kwa hiyo usiwashe taa yoyote, hata nyekundu! Giza kabisa, kama tumboni mwa mama. Pitisha mwanga kwenye kioo hiki: ngozi itakuwa nyeupe, kovu litabaki jeusi. Filamu ni ya zamani, vingine vitakuwa vimeharibika. Ng'ombe ni wa nani?"

"Ndiyo kesi yenyewe, Bruda."

"Nini?"

"Nimesema ahsante, Bruda."

Jumatano, wakati wa kurudi, basi lilisimama Igawa watu wachimbe dawa na kununua chai. Severina alibaki kitini. Aliinamisha kichwa, akajifanya amesinzia, lakini Igawa ni kituo cha barabarani na maneno hufika pale kabla ya magari. Kioo cha dirisha kiligongwa kwa pete.

"Kamwene, mdogo wangu," Kalinga alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Shuka tunywe chai."

Walikaa kwenye benchi ya hoteli ya makuti, malori ya kwenda Zambia yakipita na kutikisa vikombe. Kalinga alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kushuka, na hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Nimesikia umepokea kazi ya yule Msukuma."

"Nilipokea kabla sijajua, Kaka."

"Na ulipojua?"

Severina alikisogeza kikapu karibu na miguu yake. Kalinga alinyoosha mkono, akafunua kikapu bila kuuliza, kama alivyokuwa akifunua kikapu cha dada yake alipokuwa mtoto kuona kama amekula. Akaitoa ile picha hafifu. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, na mabega yake yakalegea kidogo.

"Hii inatosha," alisema.

"Haionyeshi kitu."

"Ndiyo nasema inatosha. Mimi siombi uchome slaidi ya serikali. Siombi useme uongo. Nasema usijitese. Wamekuomba picha, hii ni picha. Mashine imefika mwisho wa uwezo wake, basi."

"Kaka, yule ng'ombe ni wako kweli?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Uso wa Kalinga ulikunjamana. "Wameniibia ng'ombe mwaka baada ya mwaka, Severina. Nimelala porini na mkuki. Polisi wakicheka. Leo nimempata mmoja, nimesimama mbele ya hakimu nimeshika Biblia, Igawa nzima inajua. Na wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni, unaniuliza kama ni wangu."

Basi lilipiga honi. Severina aliinuka, akachukua picha mkononi mwa kaka yake, akairudisha kikapuni. Mkono mmoja ulikuwa kifuani, juu ya leso, na aliona macho ya Kalinga yameufuata mkono ule na kutua pale. Kwa dakika moja alidhani angempokonya. Badala yake Kalinga alitoa njia.

"Nenda," alisema. "Una akili. Utafikiri."

Alifika Mbeya alasiri akakuta mji hauna umeme. Mashine ya kukuzia picha bila umeme ni bati na kioo tu. Aliketi mlangoni akingoja, na aliyekuja si umeme bali Mbuke. Safari hii alikuwa na viatu miguuni, vimejaa tope, na aliingia navyo hadi katikati ya sakafu.

"Kumbe wewe ni dada yake!"

Severina alisimama.

"Nimefikia kwa ndugu Soweto," Mbuke alisema, sauti ikipanda. "Jirani mmoja, mama Tusekile, ananiuliza picha nimepeleka wapi. Namwambia. Anashika kichwa. Anasema, mwanangu, umempelekea fisi mbuzi amtunzie! Unaniangalia machoni Jumatatu, unaandika jina langu, unanyamaza! Slaidi yangu iko wapi?"

Severina alifungua leso akaiweka slaidi kwenye kiganja cha Mbuke. "Nilipaswa kukuambia. Niliogopa. Ichukue."

Mbuke aliikagua mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Maganga alikuwapo bado, anacheka. Alisimama vile hadi pumzi zake ziliposhuka. Severina alimwona akihesabu njia kichwani: nani mwingine, wapi kwingine, na kesho ndiyo hukumu.

"Anakohoa," Mbuke alisema. "Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alikuwa anakohoa, na ameniambia niwauze ndama ili nirudi kwetu na watoto. Amekata tamaa kabla hata hawajamfunga." Akaishusha slaidi mezani, lakini kidole hakukiondoa. "Sina mtu mwingine. Lakini sitoki hapa. Ukiingia mle chumbani, naingia na wewe."

"Mle ndani hutaona kitu. Kazi hii ni ya giza tupu."

"Basi nitasikia."

Umeme ulirudi Alhamisi kulipopambazuka. Walikuwa wamelala wote wawili chini, studio, na balbu iliwaamsha kwa kuwaka usoni. Severina alichanganya dawa, akapanga trei, akafunga kioo chekundu kwa uzi chini ya lenzi. Chumba cha giza kilikuwa stoo zamani. Mlango wake ulikuwa na komeo upande wa nje tu, na kwa ndani palikuwa na pazia fupi la blanketi ambalo halikuzuia mlango ukifunguliwa wote. Aliweka slaidi, akasawazisha hadi kovu la fahali likachongoka mezani kama lililochorwa kwa wembe, kisha akazima kila kitu.

Kipande cha kwanza kilitoka cheusi chote, kimeozeshwa na miaka. Cha pili kilikuwa na picha, lakini ukungu ulikuwa umekula upande mmoja, na upande huo ndio uliokuwa wa paja. Severina alisikia kucha za Mbuke zikikwaruza kanga. Nje jogoo walikwisha nyamaza, na magari ya kwenda sokoni yalikuwa yameanza kunguruma. Alichukua kipande kutoka katikati ya boksi, mahali ambapo vingine vilikikinga, akakimulika, akakitumbukiza kwenye dawa na kuanza kutikisa trei taratibu.

Mlango wa mbele wa studio ukafunguliwa. Hatua nzito zikaja moja kwa moja hadi kwenye stoo.

"Seve," Kalinga aliita.

Mkono wa Mbuke ulimkamata Severina begani gizani. Severina alitikisa trei.

"Niko kazini, Kaka. Usifungue. Mwanga ukiingia sasa, picha imekufa."

Chuma kikalia: komeo limeguswa.

Severina angeweza kulia, angeweza kumsihi kwa jina la mama yao. Lakini kilichotoka kinywani mwake kilikuwa kingine.

"Mlango unafungukia upande wako. Siwezi kukuzuia. Ukifungua, fungua, lakini ujue umefungua wewe, kwa mkono wako. Nikiulizwa sitasema ni umeme, wala sitasema ni filamu mbovu."

Chuma kililia tena, kidogo. Trei ilinong'ona.

"Nimekuja usiku huu wote kwa lori," Kalinga alisema nyuma ya mlango, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyechoka. "Njia nzima nalitazama sikio la yule ng'ombe kichwani. Wangu alichanika sikio kwenye seng'enge. Nilipomwona yule joshoni, nilisema ndiye. Niliapa kwa moyo wangu wote, Seve, Mungu ananiona. Sikudanganya siku ile."

"Na leo?"

"Wangu alikuwa na doa jeupe chini ya tumbo. Nilikumbuka baadaye. Nilikwishaapa. Nikajiambia labda doa lilikuwa la mwingine, ng'ombe ni wengi. Kila siku najiambia. Nikisema sasa nimekosea, nani Igawa ataniita mtu tena? Watasema Kalinga alimfunga mtu kwa ng'ombe asiye wake."

"Na Maganga wanamwitaje, Kaka?"

Severina aliendelea kutikisa hadi muda wa dawa ulipotimia, akakisuuza kipande, akakihamishia trei ya pili kwa kupapasa. Alingoja tena. Mlango haukufunguliwa. Hatimaye aliwasha taa.

Mbuke alikuwa ameegemea ukuta, machozi yamelowesha kidevu, lakini macho yamekauka kwa hasira. Kipande cha filamu kilikuwa safi. Severina alikipangusa kwa spiriti kikauke upesi, akakitia kwenye mashine, akatoa karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Sasa taa nyekundu iliruhusiwa, na wanawake wawili waliinama juu ya trei. Fahali alitokea akiwa mweupe kama unga, na juu ya paja lake, jeusi, kamili, likaja duara lililokatwa na mstari, chapa ya ukoo wa Maganga, kingo zake zimepona na manyoya yameota kuzizunguka kama ilivyo kwa kovu la siku nyingi. Ungeweza kuhesabu nyuzi za kamba.

"Fungua sasa," Severina alisema.

Komeo lilivutwa. Kalinga alisimama mlangoni na koti la safari, akamwona dada yake, kisha akamwona aliye nyuma yake. Alielewa ni nani bila kuambiwa, na alielewa kwamba amesikiwa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga mahali akidhani pana ngazi.

Mbuke hakumpigia kelele. Alimwonyesha picha, maji yakichuruzika kwenye kiwiko chake.

"Tazama tumbo," alisema.

Kalinga aliinama. Mbuke akamwinulia na slaidi kwenye mwanga wa mlangoni: tumbo la fahali lilikuwa jekundu tupu, halina doa. Kalinga alitazama kwa muda ambao Severina hakuweza kuuvumilia, kisha akageuka akatoka, na wakasikia mlango wa mbele ukijibamiza.

Waliikausha picha kwa pasi. Eliezeri aliwakuta njiani akitokea stendi, wakaenda mahakamani kwa mwendo wa kukimbia, Severina amebeba picha katikati ya mbao mbili. Moyo wake ulikuwa umegawanyika: nusu ilitaka wafike, nusu ilitaka njia irefuke.

Kalinga alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, kofia magotini. Maganga aliletwa na askari. Alikuwa amekonda hata Severina, aliyeufahamu uso wake kuliko nyuso nyingi, akamtambua kwa meno tu. Eliezeri aliapa, akaeleza siku na mahali. Karani akaipokea picha, akampa hakimu. Hakimu aliisogeza dirishani, akavaa miwani, akaivua. Chumba kizima kiliinua shingo.

"Bwana Kalinga," aliita. "Sogea. Unaona nini?"

Kalinga alisimama. Severina alikuwa akimtazama kisogo, na alikiona kisogo kile kikiinama.

"Naona ng'ombe wa Maganga, mheshimiwa," Kalinga alisema. "Nilikosea. Na nilijua nimekosea kabla ya leo, nikanyamaza."

Minong'ono ikapanda, askari akaizima. Hakimu alimkaripia kwa maneno makali, akasema kiapo si kamba ya kufungia watu, na kwamba polisi wataamua kama kuna shtaka la kufunguliwa juu yake. Kisha akamwachia Maganga pale pale, akaamuru fahali wake arudishwe.

Nje, Mbuke alimshika mumewe kwa mikono miwili kama anayepima kilichobaki. Maganga hakuelewa vizuri. Aliendelea kuuliza picha imetoka wapi, na Mbuke akaendelea kuanza kueleza na kushindwa. Kalinga alipotolewa na askari kupelekwa kuandikisha maelezo, alikutana uso kwa uso na Maganga kwenye ngazi. Watu walisogea wakitegemea ugomvi.

Maganga alikohoa kwanza. Kisha akauliza, "Ng'ombe yako ilikuwa na alama gani?"

Kalinga alimtazama kama hakusikia. "Doa jeupe," alisema. "Chini ya tumbo. Na sikio."

"Nachunga mpaka kule mtoni, mbali. Nikiiona nitamwambia bwana mifugo." Akampita, akashuka ngazi, ameshikwa na mkewe. Hakumpa mkono.

Mbuke aligeuka kumtafuta Severina. Alimsogelea, akasimama kidogo, akasema, "Kaka yako nimemsikia. Sijamsamehe." Kisha akaongeza, "Wewe nimekusikia pia," akaondoka.

Severina alibaki kwenye ngazi hadi ofisi zilipofungwa. Alipomaliza na polisi, Kalinga alitoka peke yake, akampita bila kusimama. Severina alimfuata hatua chache nyuma hadi mahali alipoegesha lori. Kalinga alipanda, akawasha, akakaa injini ikinguruma na mikono juu ya usukani.

"Usije Igawa kwa sasa," alisema, akitazama mbele. "Watu wakija kuniuliza habari hizi, sitaki wakukute pale."

"Sawa, Kaka."

"Sijui nitakuita lini."

"Sawa."

Aliondoa lori. Severina aliliangalia hadi lilipokunja kona ya kushika barabara kuu. Mwaka ule haukuletwa mpunga kutoka Igawa, wala salamu ya Krismasi. Polisi hawakufungua kesi, walimwonya tu. Igawa walimsema Kalinga, kama alivyoogopa, na baadaye wakachoka kumsema, jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Wapo waliomwambia Severina kwamba alikosa shukrani, na wapo waliomsifu mno, na maneno ya makundi yote mawili yalimchosha sawasawa.

Ilipita masika nyingine ndipo mke wa Kalinga alipoteremka kwenye basi mbele ya studio, amebeba mtoto mchanga, akasema baba wa mtoto ndiye aliyewatuma, mtoto apigwe picha na shangazi yake.